Mama Nyoosha na moto usiotoka kwenye pasi

Rinda la kwanza limeshalala. La pili analivuta polepole kwa ncha za vidole, analilaza kando ya mwenzake, analibana kwa pini kwenye pindo, kisha anarudi hatua moja nyuma na kulitazama, kama mzazi anayemchungulia mtoto asijue kama amelala kweli au amefumba macho tu.

Ni asubuhi. Jua linaingia chumbani kwa kupitia mashuka meupe yaliyoanikwa uani, nje kidogo ya dirisha, na kwa sababu hiyo mwanga wote humu ndani una weupe wa maziwa yaliyotiwa maji. Upepo ukiyasukuma mashuka, chumba kizima kinaonekana kupumua.

Juu ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu kuna gauni moja tu. Ni la hariri, rangi ya buluu iliyokolea, na sehemu yake ya chini yote ni marinda. Pembeni kuna bakuli la maji, chupa ya siki, kitambaa cheupe chenye unyevu, na kipande kidogo cha hariri ya rangi ya krimu. Katikati ya kipande hicho kuna alama ya kahawia yenye umbo la ncha ya pasi.

Wateja wanamwita Mama Nyoosha. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini inayomlazimu msikilizaji asogee. Amekuwa akipiga pasi katika chumba hiki tangu alipoolewa. Dada wa mumewe ndiye anayefua, yeye ananyoosha, na mume, ambaye ni dereva wa lori na yuko safarini zaidi kuliko nyumbani, ndiye aliyewajengea meza.

"Mimi nanyoosha nguo tu," anasema anapoulizwa kuhusu jina lake. "Watu wamenishinda. Ushahidi ni wifi yangu huyo."

Wifi yake, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji, anapita mlangoni na beseni kiunoni. Anajibu bila kugeuza shingo kwamba yeye alizaliwa na mikunjo, atazikwa na mikunjo, na anayeona vibaya afumbe macho.

Gauni hili linatakiwa kesho jioni. Ni kazi ambayo zamani Mama Nyoosha angeimaliza kabla ya chakula cha mchana, huku akipiga soga. Leo anaifanya rinda kwa rinda, na kati ya rinda na rinda anasimama, anaitazama mikono yake na kungoja. Mikono hiyo, kwa muda wa karibu miaka miwili sasa, imekuwa ikiwaka moto ambao hakuna aliyewahi kuuona.

Ili kuelewa maana yake, inafaa kujua jinsi mpiga pasi anavyofanya kazi. Pasi yake ni ya mkaa, nzito, yenye kifuniko cha chuma na matundu ubavuni. Kuna pasi ya umeme pia, iko juu ya rafu, zawadi ya binti yake aliyeolewa mbali, na huitumia kwa sare za shule na foronya. Lakini umeme hukatika unapojisikia, na kile kitufe cha kuchagulia joto kimechakaa, unakiweka kwenye hariri kinakuletea joto la jinzi. Tena ni nyepesi mno. Rinda, anasema, linataka uzito.

Pasi ya mkaa haina kitufe. Kipimo chake ni kiganja. Mpiga pasi huiinua kwa mkono mmoja na kupitisha mwingine chini yake, mbali kidogo, haraka, kama mtu anayegusa paji la uso la mtoto mgonjwa. Kiganja kikishajua, hakuna mjadala. Kuna joto la pamba, kuna joto la sufu, na kuna joto la hariri, ambalo kwa maelezo yake ni "kama pumzi ya mtu aliyelala karibu yako."

"Sikuwahi kuifikiria mikono yangu," anasema. "Nani anafikiria mikono? Ilikuwa inajua, basi."

Ilianza msimu wa mvua. Alikuwa amemaliza kazi, pasi imezimwa na majivu yamemwagwa, anakunja mashati ya mwisho. Akahisi mkono wa kushoto umeshika kitu cha moto, kama kikombe cha chai kisicho na mkono. Akatazama. Mkono ulikuwa mtupu.

Akautikisa, akaenda kuutia majini. Maji yalikuwa baridi na aliyahisi kuwa baridi, lakini chini ya ubaridi ule moto uliendelea, kama taa iliyosahauliwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Baada ya muda ukaondoka wenyewe. Siku chache zikapita, ukarudi na kuchukua mikono yote miwili.

Tangu hapo umekuwa ukija na kuondoka bila taratibu. Asubuhi huwa shwari mara nyingi, mchana ndio huanza. Siku nyingine unapanda hadi kwenye viwiko, siku nyingine unashuka miguuni, na yeye hutembea juu ya sakafu ya saruji akihisi mchanga uliokaa juani. Ngozi haibadiliki. Haivimbi, haitoi malengelenge, wala haiwi nyekundu. Ukimshika mkono wakati unawaka, utakuta uko kama wako.

Na si moto tu. Kuna nyakati anahisi vidole vimekuwa virefu, vinafika mwisho wa meza. Kuna nyakati anahisi kama mtu amemshika mkono, mtu asiye na haraka, anayetembea naye. Na kuna nyakati, hasa jioni anapokuwa ameketi, anahisi nguo kati ya vidole vyake ilhali hakuna nguo.

"Nakwambia hata ni nguo gani," anasema, akisugua kidole gumba juu ya cha shahada. "Hii ni pamba iliyofuliwa sana. Hii ni sufu. Naijua kabisa, ila haipo."

Anayasema haya bila kulalamika, kama anasimulia habari za mji aliowahi kupita.

Majirani walikuwa na majibu mengi. Wengine walisema kiganja kikiwasha ni hela inakuja. Mama Nyoosha aliwajibu kwamba kama ni hela, basi zimepotea njia, na wakikutana nazo wazielekeze. Wengine walisema ni jicho la mtu. Wengine walisema ni moto wa pasi wa miaka yote uliojificha mwilini na sasa unadai kutoka. Hili la mwisho wifi yake alilipenda, akawa analitumia kila mara Mama Nyoosha alipochelewa kuamka: "Mwacheni, anatoa makaa."

Hospitalini alipimwa sukari, akapimwa damu, akachomwa na sindano ndogo kwenye vidole huku amefumba macho ili aseme anachomwa wapi. Alijibu sawasawa kila mara. Akapewa vidonge vya vitamini, kisha vidonge vingine vilivyompa usingizi mzito na kizunguzungu asubuhi, kiasi kwamba kola za mashati alianza kuziona mbili mbili. Akaviacha kwa ruhusa ya daktari.

Daktari mwenyewe ni mwanamke kijana, na Mama Nyoosha humtaja kwa upole. Siku ya majibu ya mwisho alizisogeza karatasi pembeni, akamshika mikono yote miwili juu ya meza.

"Mama, sijui ni nini," alimwambia. "Lakini kutojua kwangu hakumaanishi kwamba huumwi."

Mama Nyoosha anasema alitoka pale akiwa mwepesi kuliko alivyoingia, ingawa hakuwa na dawa mkononi. Alikuwa amechoka kuangaliwa kama mtu anayesimulia ndoto. Daktari amemwandikia aende hospitali kubwa mwezi ujao, kwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu, na ameahidi kwenda.

Kazi, hata hivyo, haikusubiri. Nguo anazonyoosha kwa siku zimepungua hadi kufikia nusu, na yeye na wifi yake walilazimika kuacha kupokea mashuka ya nyumba moja ya wageni waliyoitegemea. Ili aendelee, alijifunza jambo moja ambalo anasema hakuna fundi anayepaswa kujifunza: kutoisikiliza mikono yake.

Mkono ukiwaka naye yuko mbali na pasi, aliuambia unadanganya. Mkono ukiwaka akiwa amelala, aliuambia unadanganya, akageukia upande wa pili. Alifanya hivyo miezi mingi hadi ikawa tabia, kama mtu anayeishi karibu na barabara kuu asiyesikia tena magari.

Hapo ndipo anapoingia mzee mwenye gauni.

Mtaani wanamwita Mzee Stesheni, kwa kuwa alikuwa msimamizi wa stesheni ya treni hadi alipostaafu. Ni mtu msafi, mwenye saa ya mkononi anayoitazama hata akiwa hana pa kwenda. Mke wake alikuwa mteja wa Mama Nyoosha kwa miaka mingi. Alikuwa analeta gauni la buluu mwenyewe, anaketi kwenye kigoda karibu na dirisha na kusimamia marinda yake moja baada ya jingine huku akinywa chai.

Mke alipofariki, mzee aliendelea kuja. Kila mwisho wa mwezi alileta mfuko wenye gauni lile na blauzi ya hariri ya rangi ya krimu, nguo mbili ambazo hakuna aliyezivaa. Wifi aliwahi kumuuliza, kwa vile yeye huuliza, kwa nini zinyooshwe nguo zilizokaa tu kabatini. Mzee akajibu kwamba zinachoka kukaa zimekunjwa. Hawakumuuliza tena.

Siku ya ajali, mikono ya Mama Nyoosha ilikuwa inawaka tangu asubuhi. Alikuwa ameiacha pasi ipoe ili ifikie joto la hariri, akatoka uani kukunja mashuka. Wifi akapita, akaiona pasi imefifia, akaongeza makaa mekundu kwa nia njema, akarudi kwenye beseni lake. Hakusema.

Mama Nyoosha aliporudi alitandika blauzi, akainua pasi, akapitisha kiganja chini yake kama alivyofanya maisha yake yote. Kiganja kikapiga kelele.

"Nikakiambia nyamaza," anasema. "Nikakiambia, wewe umeanza tangu asubuhi, leo sikusikilizi. Nikaiweka pasi chini."

Hariri ikiungua hainuki kama nguo. Inanuka kama nywele. Harufu ile ilifika uani, na wifi akaja mbio huku povu linamdondoka, akamkuta mwenzake amesimama na pasi hewani, anaitazama blauzi. Siku ile moja mkono ulikuwa umesema kweli, naye hakuusikiliza.

Hadi leo wanagombana juu ya kosa hilo, kila mmoja akilivutia kwake. Wifi anasema aliyeongeza makaa ni yeye, tena kimya kimya kama mwizi. Mama Nyoosha anasema aliyeambiwa na hakusikia ni yeye. Ugomvi huo haujapata mshindi, na inaelekea hawautafutii.

Hakuificha ile alama. Aliitandaza blauzi mezani, sehemu iliyoungua ikitazama juu, akasubiri. Mzee alipofika aliitazama kwa muda. Hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu.

"Na mkono wako haukuungua?"

Mama Nyoosha anasema angependa kutukanwa kuliko kuulizwa swali lile. Mkono ulikuwa unaungua wakati huo huo, mbele ya mzee, na hakuna kilichoonekana. Akatikisa kichwa. Mzee akaikunja blauzi, ile alama akaielekeza ndani, akachukua na gauni lake, akaondoka. Mwisho wa mwezi ukafika, hakuja. Ukafika mwingine, hakuja.

Kigoda kikabaki karibu na dirisha. Hakuna aliyekisogeza, na wifi, ambaye hukaa popote penye nafasi, hakukikalia.

Alirudi wiki iliyopita. Alisimama mlangoni akiwa na mfuko ule ule, akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Alieleza kwamba alilipeleka gauni kwa watu wenye mashine, duka kubwa lenye vioo, na walilinyoosha vizuri, hana la kuwalaumu.

"Lakini nikilitundika simwoni," alisema. "Naona gauni. Yeye simwoni."

Mama Nyoosha alilitoa mfukoni, akalishika mabegani, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilimchukua muda mfupi sana kuona. Marinda yalikuwa yanatazama kulia.

Mke wa mzee hakuwa akitaka yatazame kulia. Alitaka yalazwe kuelekea kushoto, na kila mara alipoketi pale kwenye kigoda alihakikisha. Sababu yake aliisema mara moja tu, akicheka, na Mama Nyoosha hakuwahi kuirudia kwa mtu. Alipenda kutembea kuliani kwa mumewe. Marinda yakitazama kushoto, kila hatua yanafunguka upande wa mume, na kitambaa kinamgusa mguu.

Alimweleza mzee hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Mzee akatafuta kigoda, akaketi. Akayatazama mashuka nje ya dirisha.

"Miaka yote ile," alisema, "nilidhani ni upepo."

Kisha akasema kilichomleta. Binti yake wa mwisho anafunga ndoa katika mji mwingine na ameomba kuvaa gauni la mama yake. Atafika kulichukua jioni ya siku ambayo, kwa hesabu ya leo, ni kesho, na atasafiri nalo usiku huo huo. Mzee alitaka liende likiwa kama lilivyokuwa.

Mama Nyoosha alikataa. Alimwambia mzee jambo ambalo hakuwa ameliambia mteja yeyote, yaani habari yote ya mikono, tangu kikombe cha chai kisichokuwepo hadi mchanga wa moto kwenye saruji. Alimwambia kwamba hawezi tena kujua pasi inasema nini, kwa kuwa mikono yake inasema mambo mawili kwa sauti moja. Hariri ikiungua mara ya pili hakutakuwa na nguo nyingine ya kuleta.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Halafu akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kipande cha hariri kilichokatwa vizuri kwa mkasi, cha rangi ya krimu, chenye alama ya kahawia katikati.

"Hiki kimeshaungua," alisema. "Hakiogopi tena. Kila unapotaka kuligusa gauni, anza na hiki."

Hivyo ndivyo kazi inavyokwenda leo. Jana waliyafuta marinda ya duka kwa maji yenye siki kidogo, wakaliacha gauni usiku kucha lisahau. Leo yanapangwa upya, moja moja, kuelekea kushoto, yanashikwa kwa pini na kwa uzi mrefu ambao utatolewa baadaye.

Kabla ya kila rinda, wifi anaitwa. Anafuta mikono kwenye kanga, anapitisha kiganja chini ya pasi, anatoa hukumu. Shida ni kwamba wifi ameishi ndani ya maji baridi na mikono yake imekuwa baridi kama samaki, kwa hiyo kwake kila kitu ni moto.

"Moto," anasema.

"Wifi, hata jana ulisema moto, na jiko lilikuwa halijawashwa."

"Umeniita nipime au nibishane?"

Baada ya wifi huja maji. Mama Nyoosha anadondosha tone moja kwenye chuma na kuinamisha sikio. Tone likiruka na kukimbia, joto ni la pamba. Likikaa, likatetemeka na kuondoka kwa sauti ndogo ya mtu anayenyamazisha watoto, anakaribia. Ndipo anaposhika kile kipande. Anakigusa kwa pasi pembeni ya alama ya zamani, anainua, anakinusa. Anafanya hivyo macho yakiwa yamefumbwa.

"Nina mashahidi watatu," anasema. "Wifi, maji, na kitambaa. Mikono yangu ni washtakiwa, haitoi ushahidi."

Kisha anatandaza kitambaa chenye unyevu juu ya rinda, anashusha pasi. Haisugui. Anaiweka, anaiacha ivute pumzi, anaiinua. Mvuke unapanda taratibu mbele ya uso wake na kuchanganyika na ule mwanga mweupe wa mashuka, na kwa muda mfupi haonekani vizuri. Mvuke ukishaondoka, rinda limelala, kali kama ukingo wa karatasi, linatazama kushoto.

Asubuhi inapita hivyo. Mashuka uani yanakauka, yanashushwa, yanaanikwa mengine. Marinda yaliyolala yanaongezeka kutoka upande mmoja wa gauni kama maji yanayopanda ufukoni bila kelele.

Yanapofika katikati, mashahidi wanatofautiana.

Wifi ametoka kwenye maji ya moto ya kulowekea mashuka, na kwa mara ya kwanza leo anasema pasi ni vuguvugu tu. Tone la maji linakaa kwenye chuma na kuchelewa kuondoka. Kipande cha hariri hakitoi harufu yoyote. Lakini Mama Nyoosha ameganda, pasi mkono wa kulia, kiganja cha kushoto chini yake kwa mazoea ya zamani, na uso wake umebadilika.

"Inaungua," anasema kwa sauti ya chini.

Wifi anaitazama pasi. Anamtazama mwenzake. Safari hii hana mzaha.

Mama Nyoosha anaiweka pasi juu ya kigae chake. Anaziacha meza na pasi, anatembea hadi dirishani, anatoa mikono yote miwili nje, katika upepo wa mashuka. Anangoja. Amegundua njia hii baada ya ile ajali, na anasema angeijua mapema blauzi ingekuwa nzima.

"Moto wa pasi unabaki kwenye pasi," anaeleza bila kugeuka. "Wangu unanifuata."

Anakaa pale muda wa kutosha shuka moja kujaa upepo na kulala tena, mara nyingi. Kisha anarudisha mikono ndani.

"Umenifuata," anasema. "Kwa leo basi."

Wifi anajaribu kubisha. Anasema bado ni mchana, joto la pasi ni zuri na mashahidi watatu wamekubali, anayekataa ni mshtakiwa peke yake. Anasema yeye mwenyewe angeweza kuishika pasi, ingawa wote wawili wanajua kwamba mara ya mwisho aliposhika pasi, suruali ya kaka yake ilitoka na mistari minne. Halafu anasema lile analoliogopa: kesho je, ikiwa moto utaamka naye tangu asubuhi?

Mama Nyoosha anakunja kitambaa chenye unyevu.

"Siku ile niliulazimisha mkono unyamaze," anasema. "Sitaulazimisha tena. Ukisema, nitausikiliza, hata kama unakosea. Ukinyamaza, tutafanya kazi."

Mzee Stesheni anafika wakati jiko linazimwa. Anasimama kando ya meza, mikono nyuma, anatazama gauni lenye nusu mbili: upande mmoja marinda yamelala sawasawa, upande wa pili kitambaa kimetulia tu, laini, hakijaamuliwa. Mama Nyoosha anamweleza ilivyokuwa, na anamwambia wazi kwamba hawezi kuapa kuhusu kesho.

Mzee anatazama saa yake kwa mazoea, kisha anashusha mkono wa shati juu yake.

"Stesheni yangu," anasema, "treni iliwahi kungoja bi harusi. Niliandikiwa onyo. Lakini alipanda."

Anaongeza kwamba basi la binti lipo kila jioni, na ndoa yenyewe ni Jumamosi, siku kadhaa mbele. Anakaa kidogo kwenye kigoda, upande wa dirisha, anakunywa chai ambayo wifi amemletea bila kuulizwa. Akiondoka anapita karibu na gauni, upande ule wa marinda yaliyokamilika, na mguu wa suruali yake unagusa pindo. Anasimama hatua moja, halafu anaendelea.

Akiulizwa anatamani nini, Mama Nyoosha hasemi kwamba anataka kupona. Neno hilo analiachia hospitali kubwa na mwezi ujao. Anasema angependa kumfundisha wifi yake kushika pasi, ingawa kazi hiyo itawazeesha wote wawili. Na angependa, asubuhi moja, kupitisha kiganja chini ya pasi na kukubaliana nacho.

Wifi anamwaga majivu uani. Mama Nyoosha anachagua pini moja yenye kichwa chekundu na kuichoma mahali rinda la kesho litakapoanzia. Kile kipande cha krimu anakitia mfukoni mwa aproni. Analifunika gauni kwa shuka safi, nusu iliyokamilika na nusu inayongoja, kisha anakwenda kuketi.

Mikono yake iko mapajani, viganja vikitazama juu, mitupu. Kidole gumba kinasogea taratibu juu ya cha shahada.

"Sasa hivi," anaulizwa, "unahisi nini?"

Nje, mashuka yamejaa upepo.

"Hariri," anasema. "Tena ya buluu."